Dhahabu ya Lupa na Swali Aliloulizwa Nabothi

Habari ya Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme imenirudisha Saza. Sisi mapadre tunapoihubiri hukaa sana kwenye tamaa ya Ahabu na hila za Yezebeli, nami nimefanya hivyo kwa miaka mingi. Kuna jambo dogo linalotangulia uovu huo: mfalme alikwenda kwanza kuuliza. Alitaja bei, akaahidi shamba jingine lililo bora, na Nabothi akapata nafasi ya kusema hapana. Katika historia ya dhahabu ya mkoa wetu nimelitafuta swali kama hilo, la kuwauliza wenyeji, na sijaliona.

Msomaji wa Tunduma aweza kushangaa, kwa maana sisi wa mpakani tukitaja uchumi hutaja malori na forodha, na dhahabu huiona kuwa habari ya Chunya. Ilikuwa hivyo hadi mwaka 2016, mkoa wa Songwe ulipoanzishwa na wilaya ya Songwe, yenye makao yake Mkwajuni, ikatengwa na Chunya. Tangu hapo Saza ni yetu, pamoja na historia yake.

Kabla ya wachimbaji, nchi ile ilikuwa ya Wabungu upande wa bonde la Rukwa, Wakimbu katika misitu ya miombo, na Waguruka ambao ni ndugu wa Wasafwa. Padre Aylward Shorter, Mmisionari wa Afrika aliyeichunguza historia ya Wakimbu na kuchapisha kitabu juu ya utemi wao mwaka 1972, ameonyesha kwamba Ukimbu haukuwa dola moja bali mkusanyiko wa temi ndogo ndogo, ambazo Nyungu ya Mawe, aliyefariki mwaka 1884, alizishinda na kuziweka chini yake kwa muda. Watu walihamisha mashamba, wakawinda, wakatundika mizinga ya nyuki mbali na makazi. Mgeni aliyepita humo aliona pori tupu. Hakujua kwamba mzinga juu ya mti una mwenyewe, na kwamba shamba lililoachwa limepumzishwa tu.

Dhahabu ya Lupa ilianza kuvuta wageni katika miaka ya 1920. Uingereza ilipoacha kuifungamanisha fedha yake na dhahabu mwaka 1931, na Marekani ilipopandisha bei kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa wakia mwaka 1934, mdororo wa uchumi uliowatupa watu nje ya kazi duniani uliifanya Lupa kuwa kimbilio. Wazungu kwa mamia walikuja kuosha mchanga wa vijito. Waliochimba na kubeba hasa walikuwa vibarua Waafrika kwa maelfu, wakiwamo Wanyakyusa na Wandali walioshuka kutoka milimani kutafuta fedha ya kodi.

Hapa sheria yasema mengi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya usimamizi wa Gavana, na madini yaliwekwa mikononi mwa serikali. Mwaka 1926 Gavana Cameron akaleta sheria ya mamlaka za wenyeji, ambayo kwayo watemi walipewa mabaraza, mahakama na hazina ndogo. Mtemi aliweza kumhukumu aliyeiba mbuzi na kukusanya kodi ya serikali, lakini mwenye leseni alipochimbua kando ya kijito cha watu wake hakuwa na neno. Utawala wa kupitia wenyeji uliishia juu ya udongo.

Mwaka 1939 mgodi mkubwa wa mwamba ulianza uzalishaji Saza, nao ukawa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu ya Tanganyika. Ulifungwa mwaka 1956. Miaka 17! Wenye kampuni waliondoka, na mji uliozaliwa kwa ajili ya mgodi ukabaki bila kazi yake. Ukipita leo unaona vifusi na mashimo ya zamani, na vijana wanaorudia mawe ambayo babu zao waliyabeba kwa ujira.

Uhuru uliondoa mkoloni, na mwaka 1963 utemi ukafutwa kisheria. Sina majuto juu ya hilo, maana watemi wengi walikuwa wamekwisha kuwa makarani wa kodi. Ila tukumbuke kwamba madini yalibaki mahali pale pale, kwa serikali, sasa kwa niaba ya taifa zima. Hoja yake ni ya haki: dhahabu ya Saza ikiwa ya Wabungu peke yao, mkulima wa Lindi asiye na madini atapata nini? Kwa sababu hiyo pia Tanzania hushikilia kwamba Waafrika wote ni wenyeji wa nchi, ingawa mwaka 2007 ilipiga kura ya ndiyo kwa Tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili.

Australia walifika kwa njia nyingine. Huko Tennant Creek, mji wa dhahabu wa miaka ile ile ya 1930, Wawarumungu walikuwa wametengewa eneo mwaka 1892. Mwaka 1934 likafutwa ili wachimbaji waingie. Sheria ya mwaka 1976 iliwaruhusu kudai, wakawasilisha dai lao mwaka 1978, na sehemu kubwa ya ardhi ilirudi katika miaka ya 1990, dhahabu ikiwa imepungua sana. Katika ardhi iliyorudishwa kwa sheria hiyo, mtafiti wa madini huhitaji ridhaa ya wenye nchi. Umaskini haukuondoka kwa hilo, lakini swali lazima liulizwe.

Kwetu, Sheria ya Madini ya mwaka 2010 imewatengea Watanzania leseni ndogo. Karibu na nyumba au shamba lililolimwa, ridhaa ya mkaaji huhitajika, isipokuwa Waziri anaweza kuiondoa akiona imezuiwa bila sababu. Katika maduara ya wachimbaji wadogo nimeona mwenye shamba akikaa na mwenye leseni kupatana mgawo wa mifuko ya mawe kabla ya karasha kuwashwa. Mapatano hayo mara nyingi ni ya mdomo, na mwanamke mjane huyapata kwa shida. Hata hivyo ndipo nilipoona kitu kinachokaribia ombi la Ahabu.

Kwa wakubwa, kama New Luika ulioanza uzalishaji mwaka 2012 katika wilaya hii, ushuru wa huduma unaotozwa kwa mapato huenda halmashauri, na tangu mabadiliko ya mwaka 2017 mpango wa kuisaidia jamii lazima ukubaliwe na halmashauri hiyo kila mwaka. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato si’ ya mwaka 2015, aliandika kwamba jamii za asili ziwe wazungumzaji wakuu miradi mikubwa inapogusa ardhi yao. Mpango husainiwa wilayani. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa kauli juu ya ugawaji wa ardhi ya kijiji, huusikia baadaye, pale diwani anapoleta taarifa, akiwa na nafasi.