Sola ya Norwe ilianzia kwenye nyumba zisizofikiwa na nguzo za umeme

Paneli haikulazwa juu ya paa kama tulivyozoea. Imesimamishwa wima ukutani mwa nyumba ya magogo, upande wa kusini. Jua la Machi huko Norwe halipandi utosini, hupita chini karibu na vilele vya misonobari, kwa hiyo paneli iliyosimama hulitazama uso kwa uso, na theluji haipati pa kukaa. Waya mbili zinapenya ukuta wa magogo, zinaingia kwenye kisanduku cha kudhibiti chaji, kisha zinashuka kwenye betri ya volti 12 chini ya benchi. Hapo unapata taa nne, redio na labda televisheni ndogo. Kupika ni kwa gesi, kuota moto ni kwa kuni, maji ni ya kuchota.

Mtu wa Ngara au Kitui akiingizwa humo hatahitaji kuonyeshwa swichi. Ni sola ileile aliyoiacha kwake.

Nyumba hizo za mbao za milimani na visiwani, ambazo Wanorwe huziita hytte, zimezidi 400,000 katika nchi yenye watu wasiofika milioni 6. Nyingi zilijengwa mbali na nguzo za umeme, tena kwa kupenda, maana raha ya hytte ni kuukimbia mji. Mwanga wake ulikuwa wa taa ya mafuta na mshumaa. Paneli zilipoanza kuingia madukani miaka ya 1980, wenye hytte ndio waliozichangamkia. Mamlaka ya pwani nayo ikazifunga kwenye taa za kuongozea meli, huko kwenye miamba ambako kupeleka gesi au mafuta kwa boti ilikuwa kazi ya kuhatarisha roho. Kwa miongo kama mitatu, sola ya Norwe ilikuwa karibu hiyo tu: ya mahali ambapo waya wa umeme haufiki. Mjini hakuna aliyehangaika nayo.

Ukiuliza kwa nini, wengi watakujibu kwamba kule ni baridi. Jibu hilo halina mashiko. Paneli hula mwanga, haili joto. Tena joto huichosha. Kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25 kwenye paneli yenyewe hupunguza nguvu yake kwa takribani asilimia 0.4, ndiyo maana paneli iliyolazwa juu ya bati Dodoma saa saba mchana hutoa pungufu ya kilichoandikwa nyuma yake. Baridi huifaa, na theluji iliyotanda mbele yake huirudishia mwanga kama kioo. Giza ndilo tatizo la kweli. Tromsø, mji wa kaskazini, jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Lakini kuanzia Mei mwishoni hadi Julai halitui. Ukijumlisha mwaka mzima, kilowati moja ya paneli kusini mwa nchi hiyo huzalisha kama uniti 700 hadi 1,000. Si nyingi, ila Ujerumani ilijaza mapaa yake kwa jua lisilotofautiana sana na hilo.

Kilichoizuia sola ni maji.

Nenda Rjukan uone. Ni mji uliobanwa ndani ya bonde refu lenye kuta za mlima pande zote. Sam Eyde, mmoja wa waanzilishi wa Norsk Hydro mwaka 1905, aliujenga kwa sababu ya maporomoko yake. Kituo cha Vemork kilipowashwa mwaka 1911 kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya maji duniani, na umeme wake ulitengeneza mbolea. Watu wakaletwa, nyumba zikajengwa, kiwanja cha mji kikapangwa vizuri. Kasoro moja: kwa karibu nusu mwaka, kuanzia vuli hadi Machi, mlima hulikinga jua lisiingie mjini. Mwaka 1913 tayari kulikuwa na mtu aliyependekeza kioo cha kulivuta kutoka juu. Utaalamu wa kukijenga haukuwepo, basi mwaka 1928 kampuni ikajenga gari la kuning'inia kwenye waya ili wafanyakazi na familia zao wapande mlimani kuota jua, kisha warudi kivulini. Vioo vyenyewe vilikuja miaka mia moja baadaye, Oktoba 2013: vitatu, vyenye jumla ya mita za mraba 51, vikigeuzwa na kompyuta kulifuata jua na kulimwaga katikati ya kiwanja.

Mji wenye umeme usio na mwisho, wenyeji wake wanatamani jua la kuota tu! Hakuna aliyefikiria kutafuta umeme ndani ya jua hilo, na angefikiria kwa faida gani? Sehemu kubwa mno ya umeme wa Norwe, karibu tisa ya kumi, hutoka kwenye maji. Kwa miaka mingi ulikuwa rahisi kiasi kwamba nyumba nyingi hupashwa joto kwa hita za umeme. Hata sisi Tanzania tuliwajua Wanorwe kwa maji hayohayo: fedha zao zimo katika mitambo ya Pangani na Kihansi.

Umeme huo wa bei ya chini, hata hivyo, ulizaa kitu kingine. Silikoni, malighafi ya paneli, hupatikana kwa kuyeyusha mawe ya kwazi pamoja na makaa kwenye tanuri la umeme lenye joto linalokaribia nyuzi 2,000. Tanuri hilo hunywa umeme kama ng'ombe wa kiangazi kwenye lambo, na Norwe ilikuwa na matanuri hayo tangu zamani. Mwaka 1994 mwanasayansi Alf Bjørseth akaanzisha kampuni ya ScanWafer huko Glomfjord, kaskazini ya mstari wa Aktiki. Kazi yake ilikuwa kukata matofali ya silikoni yawe slesi, kama mkate, isipokuwa slesi hizi ni nyembamba kuliko kucha. Kisu chake kilikuwa waya mrefu uliokimbia ndani ya uji wa mchanga mkali. Karibu nusu ya silikoni iliishia kuwa vumbi. Kutokana na kazi hiyo ikakua kampuni ya REC, iliyoingia soko la hisa la Oslo mwaka 2006 ikiwa miongoni mwa wakubwa wa dunia katika biashara hiyo.

Kinyozi hajinyoi. Slesi za Norwe zilipanda meli kwenda kufungwa kwenye mapaa ya wengine. Bjørseth akaanzisha pia Scatec Solar mwaka 2007, na mwaka 2014 kampuni hiyo ikajenga Rwamagana, Rwanda, shamba la sola la megawati 8.5 ambalo ukilitazama kutoka angani paneli zake zimepangwa kwa umbo la bara la Afrika. Mwisho wa mwaka huo, paneli zote za Norwe zikijumlishwa, za hytte na za wengineo, hazikufika megawati 15. Shamba moja la Rwamagana lilikuwa zaidi ya nusu ya nchi nzima ya waliolijenga.

Viwanda vyenyewe havikudumu. Wachina waliporomosha bei, na mwaka 2012 kiwanda cha slesi cha REC huko Herøya kilikuwa kimefungwa. Wanorwe walibaki na ujuzi, na mapaa matupu.

Ilipofika mwaka 2021 ndipo mambo yakageuka. Mabwawa ya kusini yalipungua maji. Bei ya gesi ilipanda Ulaya, na vita vya Ukraine vikaipandisha zaidi. Norwe ilikuwa imetoka kulaza nyaya mpya chini ya bahari, moja kwenda Ujerumani na nyingine Uingereza, kwa hiyo homa ya huko ikavuka hadi jikoni kwake. Mwaka 2022 uniti moja Kristiansand, kusini, ilikuwa wastani wa zaidi ya krona 2 sokoni. Tromsø, kaskazini ya nchi hiyohiyo, kama robo ya krona. Mafundi wa sola wakazidiwa na kazi. Mwaka 2023 peke yake paneli za karibu megawati 300 zilifungwa, nyingi kwenye mapaa ya kusini, walikoumizwa na bili. Jua halikuongezeka hata dakika moja.

Serikali nayo ilikuwa na mikono miwili isiyoshauriana. Mkono mmoja uliweka lengo la kuzalisha uniti bilioni 8 za sola kwa mwaka ifikapo 2030. Mkono wa pili ulianza Desemba 2021 kuwalipia wananchi sehemu ya bili, na tangu Oktoba 2025 umewaruhusu kuchagua bei maalumu, Norgespris: øre 40 (senti 40 za krona) kwa uniti kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, soko likiwa juu au chini. Sioni kosa kumpunguzia mzee bili ya kupasha nyumba moto. Ila aliyekopa kufunga paneli akipiga hesabu kwamba kila uniti ya jua itamwokolea krona nzima, sasa, akichagua bei hiyo, inamwokolea pungufu ya hapo. Hata kabla ya bei hiyo kutangazwa soko lilikuwa limeshapoa.

Wenye hytte zilizounganishwa na gridi nao wamo, hadi uniti 1,000 kwa mwezi. Hytte ya juu mlimani haimo, kwa kuwa haina mita. Mwenyewe akifika Ijumaa jioni huchimba theluji kwa koleo mpaka mlango ufunguke, huwasha kiberiti jikoni, kisha hutazama kama kataa ka kijani ka kisanduku cha chaji bado kanawaka.