Zilzala na Nyumba za Bonde la Ufa

Hapana kitu ambacho mwanadamu hukiamini kuliko ardhi aikanyagayo. Hulala juu yake bila hofu, huijengea nyumba ya watoto wake, na akifa ndimo azikwamo. Hata hivyo, ardhi ya Afrika Mashariki haijapata kutulia. Toka Bahari ya Sham hata Msumbiji imepasuliwa na Bonde la Ufa, na kingo za bonde hilo zaachana kwa milimita chache kila mwaka. Ukucha wa mtu hukua upesi kuliko mwendo huo, lakini mwendo wenyewe haukomi. Miamba iliyokamatana hustahimili kwa karne nyingi, kisha siku moja huachiana kwa nguvu. Hiyo ndiyo zilzala.

Tarehe 13 Desemba 1910, Tanganyika ilipokuwa chini ya Wadachi, zilzala ya kipimo cha karibu 7.4 iliitikisa nchi iliyo baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Tangu mitambo ya kupimia ilipoanza kutumika, Afrika Mashariki haijaandikiwa kubwa kuliko hiyo. Tarehe 6 Januari 1928 ikaja zamu ya Subukia katika Kenya. Ardhi ilipasuka kwa urefu wa makumi ya kilomita, na mahali pengine upande mmoja ukashuka zaidi ya mita 2. Mwezi wa Machi 1966 nchi ya Toro, chini ya Milima ya Ruwenzori, ilipatwa na msiba uliochukua roho za watu zaidi ya 100.

Je, tukio kama la 1910 laweza kurudi? Wataalamu hawawezi kutaja siku wala mwaka. Lakini hawana shaka kuwa litarudi. Zilzala kubwa husogeza miamba mita kadhaa kwa mara moja, na bonde huachana milimita kwa milimita. Kwa hiyo ufa mmoja waweza kunyamaza miaka elfu na zaidi. Lakini nyufa ni nyingi. Kanda, ufa mrefu upitao karibu na Sumbawanga, ni mmoja tu katika jamaa kubwa. Kimya cha mmoja si ahadi ya wengine, na kila mwaka wa kimya huongeza deni litakalolipwa.

Deni hilo halitalipwa na watu wale wale. Mwaka 1910 wenyeji wengi wa nchi ile waliishi katika nyumba za miti na nyasi. Nyumba ya namna hiyo huyumba na kunesa, na hata ikianguka uzito wake si mkubwa. Siku hizi fahari ya mji na kijiji ni tofali. Ukuta wa tofali huhimili mvua na mchwa, lakini ukisukumwa ubavuni hupasuka, na ukianguka huua. Bukoba ilijifunza hayo tarehe 10 Septemba 2016. Zilzala ya kipimo cha 5.9 iliua watu zaidi ya 15, ikabomoa maelfu ya nyumba, na ikazifunga kwa muda shule kongwe za Ihungo na Nyakato. Nguvu iliyotoka Rukwa mwaka 1910 ilizidi ile ya Bukoba zaidi ya mara 150. Leo Mbeya, Sumbawanga, Kigoma na Bujumbura ni miji iliyojaa watu, na yote imo ndani ya bonde au kandokando yake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huu hauzibiki kwa mkono wa mtu. Ukuta ndio uliobaki katika uwezo wake. Mkanda wa zege wenye nondo, ukizungushwa juu ya milango na madirisha, huzifunga kuta nne zikawa kitu kimoja. Mwamba mgumu ni msingi bora kuliko mchanga uliolowa wa ufukweni, ambao hulegea kama uji ukitikiswa. Shule na hospitali hapana budi zitangulie, maana mwenye kuponya naye akifukiwa, majeruhi watapelekwa wapi?

Ardhi ya Rukwa haikubadilika tangu 1910. Zilizobadilika ni nyumba. Na nyumba hujengwa na watu.