Vijiti vya Mwalimu wa Thuin
Mzazi aliyeazimu kumfundisha mwanawe hesabu nyumbani, naye akatafuta mtaala unaoitanguliza mikono mbele ya kalamu, aghalabu hukutana na vijiti vya rangi alivyovibuni Georges Cuisenaire, mwalimu wa mji wa Thuin nchini Ubelgiji, aliyechapisha risala yake juu ya vijiti hivyo mwaka 1952. Na mwaka uliofuata Caleb Gattegno, mtaalamu wa ufundishaji wa hesabu, alipovishuhudia kwa macho yake, akashika kazi ya kuvieneza katika nchi nyingi. Cheupe kina urefu wa sentimita 1, cha rangi ya chungwa 10. Mtoto hulaza chekundu, akakifuatishia cha kijani hafifu, kisha cha manjano ubavuni mwao, akapapasa ncha zilivyolingana: 2 na 3 ni 5, wala hajaambiwa na mtu. Nami nastahabu sana mwendo huo kuliko kukaririshwa.