Sikoseli Ilitoka Wapi?

Popote ulipo, iwe ni Kitengela sokoni, Isinya, Kajiado mjini au ndani ya matatu ya kuelekea Namanga, tega sikio tuzungumze.

Leo tunajibu swali ambalo akina mama wa Kitengela huulizana wakiwa kwenye foleni ya kliniki. Mama ana mtoto wa miaka mitatu. Vidole vyake huvimba, macho yana umanjano, na kila baada ya wiki chache analia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Kapimwa, akaambiwa ni sikoseli, au selimundu kama wenzetu wa Tanzania wanavyoiita. Jirani yake Mmaasai katika ploti hiyo hiyo ana watoto watano na hajawahi kusikia ugonjwa huo kwao. Huko nyumbani Siaya, shangazi anasema ni chira. Baba mtoto naye anasema katika ukoo wake hakuna kitu kama hicho, kwa hiyo kimetoka kwa mama. Mama anabaki kuuliza: kwa nini sisi?

Jibu lake limo katika historia, na ni historia ndefu kuliko ukoo wowote.

Tuanze na kitu ambacho watu wa Kajiado wanakijua vizuri: kondoo. Kondoo mwekundu wa Kimaasai ni mdogo. Ndiyo maana kuanzia miaka ya 1970 wafugaji wengi walivutiwa na Dorper, mwenye mwili mkubwa na bei nzuri mnadani. Lakini mvua ikizidi na minyoo ikajaa malishoni, Dorper hudhoofika na kufa haraka, na yule mwekundu huendelea kula nyasi. Watafiti wa taasisi ya mifugo ya ILRI waliwalinganisha kondoo hao huko pwani ya Kenya katika miaka ya 1990, wakaona kweli mwekundu huistahimili minyoo zaidi.

Je, nani alimfundisha? Hakuna. Kwa vizazi vingi, wana-kondoo waliozaliwa wanyonge mbele ya minyoo walikufa kabla ya kuzaa. Waliobahatika kuzaliwa na uwezo wa kuvumilia walibaki, wakazaa, wakarithisha uwezo huo. Mfugaji huchagua dume la kupanda kundi lake, lakini minyoo nayo huchagua, tena bila kumuuliza mfugaji. Mwingereza Charles Darwin alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1859, na wataalamu huliita uteuzi wa asili. Uteuzi huu hauna nia wala huruma. Ni hesabu tu ya nani aliishi akazaa na nani hakuishi.

Sasa tuje kwa binadamu. Sikoseli husababishwa na badiliko dogo katika jeni linalotengeneza hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba hewa. Mtu aliyerithi badiliko hilo kutoka kwa mzazi mmoja tu huitwa mbebaji, na kwa kawaida huishi bila shida. Aliyelirithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa. Seli zake nyekundu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo, na huvunjika mapema. Zamani watoto wengi wa namna hii walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano.

Hapo ndipo palipokuwa na fumbo. Ikiwa badiliko hili linaua watoto, mbona halikwisha? Lilipaswa kupungua kizazi hadi kizazi.

Aliyelitegua fumbo hilo alikuwa kijana aliyelelewa hapa Kenya, karibu na Gilgil. Aliitwa Anthony Allison. Mwaka 1949 alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford, akapima damu ya watu wa makabila mbalimbali ya nchi hii. Aliona kwamba pwani na kando ya Ziwa Victoria wabebaji walizidi 20 katika kila watu 100, ilhali katika nyanda za juu za katikati hawakufika hata mmoja kati ya 100. Kabila au lugha havikueleza tofauti hiyo. Lakini ramani ya mbu ililingana nayo. Palipokuwa na malaria nyingi ndipo palipokuwa na wabebaji wengi.

Alirudi Afrika Mashariki mwaka 1953 kuhakikisha. Kati ya watoto wa Kiganda aliowapima Uganda, 247 hawakuwa wabebaji, na 113 kati yao walikuwa na vijidudu vya malaria. Wabebaji walikuwa 43, na wenye vijidudu walikuwa 12 tu. Kisha akawaambukiza malaria kwa makusudi watu wazima 30 wa Kiluo waliojitolea. Kati ya 15 wasio wabebaji, 14 walipata malaria; kati ya wabebaji 15, ni 2 tu. (Siku hizi jaribio kama hilo lingepitia kwanza kamati ya maadili, na maswali yangekuwa mengi.) Alichapisha matokeo hayo mwaka 1954, na wengi hawakumwamini mara moja. Baadaye watafiti wa Kilifi walionyesha kwamba mtoto mbebaji amekingwa dhidi ya malaria kali kwa takriban asilimia 90.

Basi msikilizaji, mbu wa ziwani na pwani alifanya kazi ile ile ya minyoo ya kondoo. Kwa maelfu ya miaka mtoto mbebaji alinusurika pale ambapo ndugu yake aliuawa na malaria. Mtoto mgonjwa wa sikoseli ndiye aliyelipa gharama ya kinga hiyo. Wamaasai hawakuponea kwa sababu ya damu bora. Nchi yao kavu ina mbu wachache wa malaria. Wao wamechaguliwa kwa jambo lingine. Utafiti uliotolewa mwaka 2007, ukiongozwa na Sarah Tishkoff, ulipata kwa wafugaji wa Kenya na Tanzania badiliko la jeni linalomwezesha mtu mzima kunywa maziwa mabichi bila kuumwa na tumbo.

Turudi kwa baba anayesema kwao haipo. Mtoto hawezi kuwa na sikoseli kwa kurithi upande wa mama peke yake. Lazima baba naye awe amempa sehemu yake. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Hesabu hiyo huanza upya kila mimba, kwa hiyo usifikiri kwamba ukishampata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wako salama.

Jambo lingine linalochanganya watu: mtoto mgonjwa hana ile kinga ya mbebaji. Malaria humvamia vibaya sana. Kitengela ina malaria kidogo, lakini Desemba ikifika familia hupanda basi kwenda ziwani au pwani. Asilale bila neti hata usiku mmoja, na asikose dawa ya kuzuia malaria aliyoandikiwa kliniki. Mbebaji pia alale ndani ya neti, kwa maana kukingwa si kutougua. Vidonge vya foliki na chanjo visikatizwe. Baridi ya Juni na Julai mnaijua. Mvishe soksi na sweta, mpe maji ya kunywa mara nyingi. Akipata homa usingoje asubuhi, mpeleke hospitali usiku huo huo.

Na kipimo cha kujua nani ni mbebaji ni cha damu kidogo tu. Baba na mama waende pamoja, siku moja.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya maji ya visima vya Kajiado na madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto. Mpaka wakati huo, kwaheri.