Turufu ya Msaliti

Kwenye maktaba ya Morgan mjini New York imehifadhiwa karata iliyochorwa kwa mkono nchini Italia katikati ya karne ya 15. Kijana ananing'inia kichwa chini, kafungwa kamba mguu mmoja, mikono iko nyuma ya mgongo, na mguu wa pili kaukunja. Usoni haonyeshi maumivu, na nyuma yake pametandazwa dhahabu. Karata hiyo ni ya seti ya taroti iliyoandaliwa kwa ajili ya ukoo wa Visconti na Sforza, watawala wa Milano.

Wanaobashiri kwa taroti hivi leo huiita karata hii Mning'inizwa na kuisoma kama ishara ya subira, ya kujitoa, ya kuyatazama mambo upya. Mwitaliano wa zama zile asingeyaona hayo hata kidogo. Baadhi ya orodha za kale zinaiita kwa jina lake wazi: Msaliti.

Miji ya Italia ilikuwa na adhabu ya picha. Aliyekula njama dhidi ya serikali akatoroka, au mdeni mkubwa aliyekimbia, alichorwa kwenye ukuta wa jengo la umma akiwa ananing'inia, mara nyingi kwa mguu, ili watu waendao sokoni wamwone. Mwili ulikuwa mbali. Heshima ndiyo iliyonyongwa. Mwaka 1440, baada ya vita vya Anghiari, Andrea del Castagno aliwachora hivyo waasi wa Firenze, na jina la utani la Andrea wa Walionyongwa likamganda. Botticelli naye alilipwa florini 40 mwaka 1478 kuwachora waliotaka kuwaua ndugu wawili wa ukoo wa Medici, vigogo wa Firenze. Kazi yenyewe ilimchafua hata mchoraji: Vasari, mwandishi wa maisha ya wachoraji, anasimulia kwamba Andrea del Sarto, alipoagizwa kuwachora makapteni waliotoroka wakati Firenze imezingirwa mwaka 1529 na 1530, alifanya kazi kwa kujificha na kueneza habari kuwa mchoraji ni mwanafunzi wake. Kuta zile zimekwisha kufutwa. Michoro ya del Sarto ya matayarisho, ya chaki nyekundu, ingali kwenye jumba la Uffizi, na mtu akiiweka kando ya karata ile ya Milano hahitaji mfasiri.

Tena aibu hiyo ilikwisha kuifikia familia ya Sforza yenyewe. Muzio Attendolo Sforza, baba yake Francesco Sforza, alichorwa mjini Roma akining'inia kwa mguu, kwa amri ya Yohane XXIII aliyedai upapa, kwa kosa la kumwacha na kwenda upande wa adui yake. Mwanawe ndiye aliyekuja kuwa mtawala wa Milano, na karata ya msaliti ikachorwa kwa dhahabu kwa ajili ya nyumba yake. Kwenye seti nyingine ya karne hiyohiyo, iliyoko Paris, mtu anayening'inia kashika mifuko miwili ya fedha. Huenda wengi walimkumbuka Yuda.

Mambo yalipinduka mwaka 1781. Antoine Court de Gébelin, mwanazuoni wa Paris, alitangaza kwamba taroti ni kitabu cha hekima cha Wamisri wa kale, na kwamba wachapaji wameigeuza picha: eti mtu huyu alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, naye ni Busara. Hakuwa na ushahidi wowote, lakini alisadikiwa. Mwaka 1909, London, mwandishi A. E. Waite na mchoraji Pamela Colman Smith, katika seti yao mpya, walimzungushia mtu huyo kichwa mwanga wa utakatifu na kuuotesha majani mti alioning'inizwa. Picha ya Smith ni nzuri, na utulivu wake unagusa. Hata hivyo naona ni hasara kwamba wanaoipenda hawaambiwi kuwa chini ya mwanga huo kuna mtu aliyeaibishwa mbele ya mji wake.

Mwanafalsafa Michael Dummett alionyesha mwaka 1980, kwa kitabu kinene, kwamba taroti ilizaliwa kama mchezo, na kwa karne tatu ilikuwa zaidi ya yote mchezo. Huko Piemonte, kaskazini mwa Italia, bado wanaucheza. Mning'inizwa ni turufu ya 12: hula ya 11, huliwa na ya 13.