Safari ya Kyela–Dar: Kwa nini 'picha za kipuuzi' ndizo zinazonoga kwenye basi

Ukipanda basi Kyela kwenda Dar es Salaam, una zaidi ya kilomita 900 mbele yako. Kwa abiria anayetoka Ndandalo na kiroba chake cha mchele, hiyo ni siku nzima kwenye siti, au usiku kucha tangu Serikali iliporuhusu tena mabasi ya usiku mwaka 2023.

Kinachosogeza muda ni ile runinga ya mbele. Na mara nyingi kinachowekwa pale si filamu ya kuumiza kichwa. Ni King Majuto kabanwa na uongo wake mwenyewe, Joti kavaa gauni, Mr. Bean, au wale Wanigeria wawili wafupi, Aki na Ukwa.

Wapo wanaoziita picha za kipuuzi. Ni kweli, ni za kipuuzi. Ila kwenye basi zina kazi yake.

Kwanza hazidai umakini. Umesinzia Tukuyu, ukaamshwa na baridi ya Isyonje, hujapoteza kitu. Basi likisimama watu wakachimba dawa, mkirudi Majuto bado anadanganya. Jaribu hivyo na filamu ya kijasusi uone: ukikosa dakika tano tu, hujui nani kamsaliti nani.

Kingine ni kelele. Basi likipanda mlima, injini inaunguruma mpaka spika hazisikiki. Mr. Bean, anayeigizwa na Mwingereza Rowan Atkinson, karibu haongei kabisa. Bibi asiyejua Kiingereza na mjukuu wake wa darasa la pili wanacheka sehemu ileile.

Halafu kuna heshima, na hapa ndo penyewe. Kwa mila za Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hukwepana, hata kutazamana uso kwa uso ni mwiko. Sasa fikiria filamu ya mapenzi inafika pabaya na mzee naye yumo humohumo ndani ya basi. Konda mzoefu anaweka Majuto, yanaisha.

(Wenye nauli ya ndege hawana shida hiyo. Songwe hadi Dar ni kama saa moja na nusu, hata 'Part One' haijaisha.)

Lakini kicheko hicho kina mwenyewe. Majuto, jina halisi Amri Athumani wa Tanga, alifariki dunia Agosti 8, 2018 katika Hospitali ya Muhimbili. Alipokuwa akiugua mwaka huo, Watanzania walishtuka kuona mtu aliyewachekesha kwa miaka mingi anahitaji msaada wa matibabu. Dk Harrison Mwakyembe, waziri mwenye dhamana ya sanaa wakati huo na mbunge wa Kyela hiyohiyo, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii.

Mikataba ni upande mmoja. Upande wa pili umo ndani ya basi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki juu ya maonyesho yake ya hadharani, na basi lenye abiria wanaolipa nauli si sebule ya mtu. Flashi iliyojazwa muvi kwa fundi wa mtaani haimfikishii msanii hata senti, wala familia aliyoiacha.