Unafuu wa Mashine katika Historia ya Linux

Baadhi ya watu wasikiapo jina la Linux hudhani kuwa ni zao la vyumba vyenye fedha nyingi na mashine kubwa. Dhana hiyo yatokana na hali ya leo, maana tangu mwishoni mwa mwaka 2017 kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya zile zenye nguvu kupita zote ulimwenguni zimekuwa zikiendeshwa na Linux, na kiini hicho hicho kimo ndani ya simu za Android. Lakini mkubwa wa leo alikuwa mdogo jana. Ukiifuata historia ya mfumo huu hadi chimbuko lake, utaona kwamba ulizaliwa katika upungufu, ukalelewa na watu wenye mashine hafifu. Tena utaona kwamba taabu nyingi zimpatazo mtumiaji wake hata sasa, kama vile waifai isiyoshika na printa isiyotii, zina asili yake, na asili hiyo ni ya bei na ya siri. Mtu atakaye kununua kompyuta kwa fedha kidogo atafaidika kuijua.

Mzizi wa kale wa Linux ni Unix. Mwaka 1969 maabara ya Bell katika Marekani ilijitoa katika mradi wa Multics, uliokuwa mkubwa na wa gharama nyingi. Ken Thompson, mmoja wa wataalamu wake, akabaki bila mashine kubwa ya kufanyia kazi. Akapata PDP-7, mashine ndogo iliyokuwa haitumiwi sana, akaanza kuijengea mfumo wake mwenyewe. Dennis Ritchie na wenzao wakashirikiana naye. Mashine hiyo haikuwa na nafasi ya kubeba programu nene, kwa hiyo waandishi walilazimika kuandika programu fupi. Baadaye Thompson na Ritchie wenyewe walieleza kwamba ufinyu wa nafasi uliwafunza kubana matumizi na hata ukaleta uzuri wa umbo. Desturi ya kutumia programu ndogo ndogo, kila moja ikiwa na kazi yake, ingali inaonekana katika Linux mpaka leo, na ndiyo sababu moja ya mfumo huo kuweza kukaa katika kompyuta iliyozeeka.

Mzizi wa pili ulichipuka katika kisa cha printa. Karibu na mwaka 1980 maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT ilipewa printa ya Xerox. Printa hiyo ilikuwa na tabia ya kukwama karatasi. Richard Stallman, aliyefanya kazi hapo, alitaka kuirekebisha programu yake ili iwaarifu watu pindi ikwamapo, kama alivyokwisha kufanya kwa printa iliyotangulia. Alipokwenda kumwomba msimbo mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao, alinyimwa, kwa kuwa mtu yule alikuwa ameahidi kuutunza kama siri. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, karatasi tu, lakini Stallman aliliona kuwa ni swali kubwa: mtu aliye na kifaa mbele yake, na aliye na ujuzi wa kukitengeneza, kwa nini azuiliwe kukitengeneza? Mwaka 1983 alitangaza kazi ya GNU, yaani kujenga mfumo mzima ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadili na kuugawa. Mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, iliyoyaweka maneno hayo katika lugha ya sheria. Kufikia mwaka 1991 sehemu nyingi za GNU zilikuwa tayari, lakini kiini chake kilikuwa bado.

Kiini kilitoka mahali pengine. Huko Helsinki, katika Ufini, alikuwapo mwanafunzi aitwaye Linus Torvalds, aliyezaliwa mwaka 1969. Alijifunza kompyuta katika Commodore VIC-20 ya babu yake, aliyekuwa profesa wa takwimu. Baadaye alinunua Sinclair QL, mashine iliyokuwa na sifa nzuri lakini haikupata wanunuzi wengi. Programu zake zikawa adimu, na ile iliyokuja na kifaa cha kusomea diski ikawa mbovu, hata ikambidi Torvalds kuandika ya kwake. Hapa mnunuzi atambue jambo moja: kompyuta nzuri isiyo na wenziwe ni kama mgeni katika mji asiouelewa lugha yake. Wingi wa mashine za aina moja ni mali, kwa maana taabu itakayokupata wewe imekwisha kumpata mwingine, naye amekwisha kuitafutia dawa.

Januari 1991 Torvalds alinunua kompyuta yenye prosesa ya 386, kumbukumbu ya megabaiti 4 na diski ya megabaiti 40. Hakuwa na fedha za kutosha, hivyo sehemu aliilipa na sehemu akaichukua kwa malipo ya kidogo kidogo. Kwanza aliiwekea Minix, mfumo mdogo uliotungwa na Andrew Tanenbaum wa Amsterdam kwa ajili ya kufundishia, uliotoka pamoja na kitabu chake mwaka 1987. Kisha akaanza kuandika wa kwake. Tarehe 25 Agosti 1991 aliwaarifu watumiaji wa Minix kwamba anatengeneza mfumo huru kwa kujifurahisha tu, usiotazamiwa kuwa mkubwa kama GNU. Akaongeza kwamba huenda usipate kamwe kutumia diski nyingine ila zile za aina ya AT, kwani hizo ndizo alizokuwa nazo. Neno hilo la unyonge lina uzito mkubwa katika historia yetu. Mipaka ya Linux ya kwanza haikuwekwa na baraza la wataalamu. Iliwekwa na kile kilichokuwa juu ya meza ya mwanafunzi mwenye deni.

Je, mipaka hiyo ilivunjwaje? Ilivunjwa na watu waliokuwa na vifaa vingine. Mwishoni mwa mwaka huo huo mtumiaji mmoja wa Ujerumani, ambaye kompyuta yake ilikuwa na megabaiti 2 tu za kumbukumbu, alishindwa kukijenga kiini upya katika mashine yake. Torvalds alizitumia siku za Krismasi kuandika njia ya kuazima nafasi ya diski wakati kumbukumbu ijaapo. Njia hiyo ilitoka katika toleo la 0.12, Januari 1992, nayo Minix haikuwa nayo. Basi jambo lililokipa kiini hiki sifa mbele ya wenziwe lilitokana na haja ya mtu mwenye mashine duni kuliko ya mtungaji. Toleo hilo hilo ndilo lililotangaza kuja kwa leseni ya GPL mahali pa masharti ya awali, yaliyokataza mtu kutoza fedha yoyote. Kuanzia hapo mtu aliruhusiwa kunakili diski na kuziuza, walau apate gharama zake, ili mradi msimbo ubaki wazi. Wakafuata waliokusanya kiini na programu za GNU katika mafungu yaliyo tayari kutumika: Patrick Volkerding na Slackware, kisha Ian Murdock na Debian, wote katika mwaka 1993. Na lile deni la kompyuta ya 386? Watumiaji wa mfumo walichangishana, wakamsaidia mwenyewe kulimaliza. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa tuitazame taabu. Katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita bei za kompyuta zilishuka sana, na sababu moja ilikuwa kwamba watengenezaji waliondoa vipande ndani ya vifaa na kuzipa programu kazi ya vipande hivyo. Modemu ya zamani ilikuwa na akili yake. Modemu mpya ya bei ya chini ilikuwa haina, bali iliitegemea prosesa ya kompyuta na programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows peke yake. Printa nyingi za bei ndogo zilifanywa vivyo hivyo. Mnunuzi wa Windows hakuona tofauti, ila nafuu ya bei. Mnunuzi wa Linux aliona kifaa kimekufa, ingawa ni kipya. Waandishi wa Linux walikuwa tayari kuandika programu za kuviendesha vifaa hivyo, lakini maelezo ya namna vinavyofanya kazi yalifichwa. Kisa cha printa ya Stallman kikarudi, safari hii katika maelfu ya nyumba.

Waifai ilipoenea, hali ikawa hiyo hiyo. Kadi za Broadcom zilikuwa katika kompyuta mpakato nyingi, na kampuni haikutoa maelezo. Watu wa kujitolea wakakichunguza kifaa kwa subira, kama mtu ajifunzaye lugha kwa kumsikiliza bubu akitembeza mikono, na mwaka 2006 matunda ya kazi yao yakaingia katika kiini. Mwaka 2010 Broadcom yenyewe ikatoa programu iliyo wazi kwa kadi zake mpya. Hata hivyo, kadi nyingi za waifai bado zahitaji faili ndogo ya mtengenezaji ambayo msimbo wake haukutolewa. Watu wa Debian walibishana kwa miaka mingi kama faili hizo zastahili kuwekwa pamoja na mfumo wao. Mwaka 2022 walipiga kura na kukubali, na toleo la 12, lililotoka mwaka 2023, likaja nazo. Mwenye kulaumu kwamba Debian ya kale haikuijua waifai yake hakuwa amekutana na uzembe. Alikuwa amekutana na mgogoro wa dhamiri.

Kutokana na historia hiyo twaweza kupata kanuni za kumfaa mnunuzi. Kwanza, asitazame bei na umbo tu, bali aulize kifaa kina waifai ya nani na printa ya aina gani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pili, ajaribu kabla ya kulipa. Mwaka 2000 Klaus Knopper wa Ujerumani alitoa Knoppix, iliyowezesha kompyuta kuwaka kwa kutumia sidii bila kuigusa diski ya ndani. Leo jambo hilo hufanywa kwa flashi: mnunuzi aiwashe mashine mbele ya muuzaji, asikilize sauti, ajaribu waifai, aifunge na kuifungua aone kama yaamka. Tatu, kifaa kikikataa, asianze kubahatisha. Amri ya lspci itamtajia vifaa vilivyomo, lsusb itamtajia vilivyochomekwa, na dmesg itamsomea maneno ya kiini chenyewe, mara nyingi pamoja na jina la faili iliyokosekana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nne, asisafirie nyota ya mwenzie: mashine iliyomfaa mwingine mwaka juzi yaweza kuuzwa leo kwa jina lile lile na kadi nyingine ndani.

Yafaa pia tuseme habari za lugha, kwa kuwa unafuu hauishi katika vifaa. Mfumo wa Ubuntu, ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, ulichukua jina ambalo Mswahili halihitaji kufasiriwa, maana ni ndugu wa neno letu utu. Hadi mwaka 2011 sidii zake zilipelekwa bure kwa walioziomba, jambo kubwa kwa nchi ambazo intaneti ilikuwa ghali. Mwaka 2004 huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi katika Kiswahili. Kazi hiyo haikuhitaji idhini ya mtengenezaji wa mbali, kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Wengine kati yetu husema kompyuta, wengine tarakilishi, wengine ngamizi. Ugomvi huo ni wa heri, maana ni ugomvi wa watu walioruhusiwa kuandika katika nyumba yao.

Mambo haya si ya kale tu. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma, na kompyuta nyingi zilizo nzima hazikidhi masharti ya Windows 11. Mashine za namna hiyo zinaweza kufika katika maduka yetu ya vifaa vilivyotumika, na shule yenye fedha kidogo itaulizwa: ni takataka au ni mali? Jibu lategemea kama yupo mtu awezaye kuziwekea Linux na kuzitunza. Wala tusidanganyane kwamba Linux haichagui. Desemba 2012 kiini kiliacha kuitambua prosesa ya 386, ile ile iliyokizaa, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena njia ya kusakinishwa katika kompyuta za biti 32. Anunuaye mashine kuukuu na ahakikishe kwanza kuwa ni ya biti 64.

Wapo wasemao kwamba Linux ni ya bure kwa yule tu ambaye saa zake hazina thamani. Neno hilo lina ukweli nusu. Saa hutumika, na mwalimu mwenye vipindi thelathini kwa juma hana saa za kutupa. Lakini fedha iliyolipwa kwa ajili ya siri hurudi kulipwa tena kila siri ibadilishwapo, na saa iliyotumiwa kujifunza humwachia mtu ujuzi, naye aweza kumfundisha jirani yake. Kwa hiyo shule inunuapo kompyuta kumi za bei nafuu, na itenge pia juma moja la kumfunza mwalimu mmoja na wanafunzi wachache kuzitengeneza. Bila hilo, zitakuwa nzima leo na kufunikwa vumbi mwakani.